Gongo la mbao au la alumini: lipi linafundisha kulenga?
Gongo la besiboli lina eneo dogo, takriban sentimita 15 kutoka ncha yake nene. Mpira ukigonga hapo huruka mbali na mikono haihisi mtetemo. Kwa kulizoea eneo hilo, mimi ningeshika gongo la mbao. Ukikosea, viganja vinawaka papo hapo, hasa asubuhi ya baridi, na mlio unakuwa mzito, si ule mkavu. Mwili unajisahihisha kabla kocha hajasema neno. La alumini halivunjiki ovyo, na ukuta wake mwembamba hubonyea na kurudi, hivyo hata pigo baya huweza kwenda mbali. Linafaa mechi za vijana. Ligi kuu ya Marekani, MLB, inaruhusu mbao tu.