Mlo wa Makindu: chakula kinachopokewa kwa mikono miwili

Kwa msafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa, gurdwara, yaani nyumba ya ibada, ya Masingasinga ya Makindu, iliyoko baada ya Emali na kabla ya kufika Kibwezi, hujulikana zaidi kama mahali pa kula bila kulipa. Sifa hiyo ni ya kweli ila haitoshi, na ndiyo maana naandika tathmini hii baada ya kusimama pale mwezi uliopita na mfanyakazi mwenzangu, yeye Mkristo, mimi Mwislamu wa Mombasa.

Taratibu za mlangoni ni chache: viatu huvuliwa, kichwa hufunikwa, na tumbaku na pombe haziingii. Mtandio wangu ulitosha. Mwenzangu alipewa kitambaa. Siku ile tulikuta chapati, dengu, wali na chai ya maziwa, bila nyama, kama ilivyo desturi ya langar, yaani mlo wa pamoja ulioasisiwa na Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini yao, ili watu wa kila tabaka wakae na kula kwa usawa. Dengu zilikuwa nzito, zimekolea tangawizi na kitunguu saumu, na chapati zilikuja zikiwa bado za moto. Mzee mwenye kilemba aliyekuwa akizigawa alinifikia, nami nikanyoosha mkono mmoja kama nifanyavyo hotelini. "Mikono miwili, mama," aliniambia kwa upole, kisha akaiweka chapati juu ya viganja vyangu. Kwao chakula hicho ni cha Mungu, na mpishi ni mtumishi tu.

Nikiwa naimega chapati ile niliikumbuka aya ya Suratul Insan inayowasifu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa "alaa hubbihi". Wafasiri wana kauli mbili: wapo wasemao kwamba watu hao hutoa chakula ilhali wao wenyewe wanakipenda, na wapo wasemao kwamba hulisha kwa sababu ya kumpenda Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata yaeleza kwamba hawataki malipo wala shukrani. Mimi tangu utotoni nimeegemea kauli ya pili, na pale Makindu, ambapo hakuna anayekuletea hesabu wala kukuuliza dini yako, niliiona ikitendeka. Mwenzangu naye alitaja Injili ya Mathayo, pale Yesu anapojihesabu kuwa ndiye mwenye njaa aliyelishwa.

Wala ukaribu huo haukuzuka mezani kwetu. Guru Granth Sahib, kitabu ambacho Masingasinga hukiinamia na ambacho Guru Arjan, kiongozi wao wa tano, alikikusanya kwa mara ya kwanza mwaka 1604, kina beti za Sheikh Farid, sufi Mwislamu wa Punjab, pamoja na za washairi Kabir na Ravidas, ambao nao hawakuwa Masingasinga. Ndani yake kumpenda Mungu huimbwa mara nyingi kama hamu ya mke kwa mume aliye mbali, jambo ambalo msikilizaji wa kasida za Pwani hatalishangaa. Jengo la Makindu ni la mwaka 1926, lakini inasimuliwa kwamba kabla yake wafanyakazi wa Reli ya Uganda, Masingasinga, Wahindu na Waislamu, walikuwa wakikutana hapo chini ya mti kumsifu Mungu.

Lawama niliyo nayo ni kwetu sisi wasafiri. Kijana mmoja karibu yetu aliacha chapati mbili nzima, akapiga picha, akaondoka, ilhali sharti la langar ni kuchukua unachoweza kumaliza. Iliniuma kweli.

Atakayepita na asimame, na akiwa na nusu saa ya ziada aombe kusaidia kuosha vyombo. Mimi nilisuuza sahani za chuma kati ya mama wa Kikamba na binti wa Kisingasinga, na mwenzangu akazipanga, hadi dereva alipokuja kutuita.