Mashine ya kuchomelea kalibu za alumini: kabla ya bei, tafuta herufi AC

Mteja aliniletea kalibu ya soli za viatu, ile ambayo karakana nyingi huiita moldi. Ukingo ulikuwa umemeguka kama ukucha, kwa sababu kijana wa zamu alizoea kuchokoa soli zilizonasa kwa bisibisi. Kila soli iliyotoka ilikuwa na kiulimi pembeni, na kuna mtu analipwa kukaa akivikata kwa wembe kutwa nzima. Kuchonga kalibu mpya ni pesa ndefu. Kujaza ukingo na kuuchonga upya ni kazi ya siku moja, mradi una mashine inayofaa.

Mimi nilidhani ninayo. Ilikuwa imeandikwa TIG 200 kwa maandishi makubwa (TIG ni kuchomelea kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi, waya unautia kwa mkono), na muuzaji aliniapia kwamba inachomelea kila kitu. Bahati nzuri nilianza na kipande cha majaribio. Kikavimba, kikatoa masizi, kisha kikadondoka miguuni pangu donge zima. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa ya DC tu, umeme unaokwenda upande mmoja.

Alumini hujivika utando, kama maziwa yaliyopoa. Ndani inayeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wenyewe hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Ukichoma kwa DC ya kawaida, ndani panakuwa uji na juu ngozi bado imekaza. Umeme wa AC hugeuka huku na huku: nusu moja inabandua utando, nusu nyingine inayeyusha. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe bei. Angalia kwenye uso wa mashine kama kuna swichi ya AC. Kama hakuna, hiyo ni ya chuma na stenlesi, hata ikiwa na jina zuri.

Sasa nizipange kwa kazi hii ya kalibu. Kwa kazi nyingine mpangilio ungebadilika.

Namba moja, bila ubishi, ni TIG ya AC/DC ya ampea 200. Unaona dimbwi la alumini iliyoyeyuka, unatia waya tone kwa tone, unasimama unapotaka. Kwa makadirio ya fundi, kila milimita ya unene inataka kama ampea 40, kwa hiyo ampea 200 zinakufikisha milimita 5 hivi. Kalibu ni nene kuliko hapo, nayo alumini inakunywa joto kama mchanga unavyokunywa maji, lakini ukiipasha kwanza kazi inakwenda. Kwa alumini iliyotiwa ugumu kama aloi ya 6061 usipitishe nyuzi 120 hivi unapopasha, maana ukizidisha unalainisha kalibu nzima kwa ajili ya kidonda cha sentimita mbili.

Nunua yenye pedali ya mguu. Watu huiacha ili kuokoa hela, wanajuta. Mwanzoni kalibu ni baridi na unahitaji moto mkubwa. Dakika mbili baadaye imeshika joto na moto uleule unatoboa. Bila pedali utakuwa unakimbilia kitufe huku ukingo unamwagika. Hakikisha pia inawaka bila ncha kugusa kazi, na kwamba unaweza kurekebisha mizani ya AC: mimi huweka karibu asilimia 70 upande wa kuyeyusha, na nikiona uchafu mweusi kwenye dimbwi napunguza kidogo. Tochi, yaani mpini unaoshika ncha, chukua namba 26. Namba 17 ni nyepesi mkononi ila inachemka haraka kwa kazi hii.

Halafu umeme. Ikifanya kazi kwa ukamilifu, mashine hiyo hula kama ampea 25 hadi 30 kwenye volti 230. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haiiwezi. Mwite fundi umeme akuvutie waya mnene na swichi yake.

Gesi iwe argoni tupu. Ukipewa mtungi wa mchanganyiko wenye kaboni dioksidi, ule wa MIG ya chuma (mashine inayosukuma waya yenyewe), tungsteni itaungua na mshono utakuwa mweusi. Soma lebo mwenyewe, usimtegemee kijana wa kupakia. Na mtungi uingize kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu wengi wanamaliza hela kwenye mashine kisha inakaa miezi miwili chini ya turubai.

Namba mbili ni MIG yenye bunduki inayobeba kijiringi chake cha waya. Waya wa alumini ni laini, ukisukumwa kwenye bomba refu unajikunja kama tambi, ndiyo sababu ya bunduki hiyo. Ni ya haraka sana, na kwa matangi, bodi za magari na fremu nene ningeiweka ya kwanza. Kwenye kalibu inamwaga nyenzo nyingi na kuacha vitobo, navyo utaviona baada ya kuchonga, wakati umeshachelewa.

Namba tatu, gesi ya oksijeni na asetilini pamoja na unga wa kusafishia. Wazee wetu wametengeneza mengi kwayo. Lakini moto unasambaa na kalibu inapinda. Pande mbili zisipokutana sawasawa hujatengeneza kitu.

Namba nne, fimbo za alumini za mashine ya kawaida ya DC. Ni rahisi kuanza nazo, ila ganda lake linavuta unyevu, na kwa hewa ya pwani pakiti iliyofunguliwa haikai. Kwa dharura tu.

Zile fimbo za moto mdogo zinazouzwa kwa maonyesho ya kuziba kopo la soda kwa tochi ya gesi sizipi namba. Nyingi zina zinki, na nyuzi 400 hivi zinatosha kuziyeyusha. Kuziba tundu, sawa. Ukingo unaobanwa na presi, hapana.

Waya wa kujazia una umuhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ule wa namba 4043 unatiririka vizuri na haupasuki ovyo, nao unakubaliana na alumini ya kumimina. 5356 ni mgumu zaidi, kwa hiyo mtu anavutiwa kuutumia kwenye kingo, lakini haufai kwa kitu kinachofanya kazi muda mrefu juu ya nyuzi 65. Kalibu za soli za EVA, zile nyepesi za povu, hupita nyuzi 150. Ya mteja wangu ilikuwa ya aina hiyo, nikatumia 4043.

Kama kalibu imechongwa kutoka aloi ya 7075, yenye shaba ndani, hakuna mashine katika orodha hii itakayokuokoa. Hiyo hupasuka ikipoa, wakati mwingine ukiwa bado umevaa kofia. Muulize mwenye kalibu karatasi zake. Kama hana na ni bamba lililochongwa, dondoshea tone la maji ya kostiki soda mahali pasipoonekana, ukiwa na glavu na miwani: likiacha weusi wa masizi, kuna shaba ndani, weka tochi chini. Chonga nafasi, tia kiraka cha alumini kwa skrubu, malizia kwa mashine ya milingi, ile ya kuchonga.

Ukienda kununua, beba mfukoni kipande cha bamba la milimita 3, brashi mpya ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, na kitambaa chenye asetoni. Sugua, futa, mwambie muuzaji awashe. Dimbwi likitokea linang'aa kama kioo, anza kuzungumza bei. Akikwambia argoni imeisha leo, rudi siku ikiwepo.