Mirathi bila wosia: Milimani au kwa Kabidhi Wasii?

Mtu akifa bila kuacha wosia, cheti cha kifo peke yake hakifungui akaunti yake ya benki. Benki inataka hati ya usimamizi wa mirathi, na Nairobi kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kufungua faili mahakamani Milimani. Unabeba cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Wote, hata mabinti walioolewa. Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa, mjomba akinong'ona, "Huyo ana kwa mumewe." Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimtengi, na mrithi akifichwa hati inaweza kubatilishwa. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zinahesabiwa, kisha kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita. Wakili si lazima, ila pakiwa na shamba lenye mgogoro, mtafute.

Ya pili ni Kabidhi Wasii wa Umma, aliye chini ya Mwanasheria Mkuu. Ofisi yake hukusanya mali, hulipa madeni na kugawa, ikikata ada.

Ndugu mkielewana, mimi ningeenda Milimani. Mnashika usukani wenyewe. Mjane asiyesemezana na shemeji zake namshauri aende kwa Kabidhi Wasii. Ila barua ya chifu ianze mapema: mara nyingi huandikwa na chifu wa nyumbani, yaani basi la usiku hadi Siaya au Kakamega.