Mhudumu wa Skrini Katika Hoteli Moja ya Moshi

Hoteli moja ya katikati ya mji wa Moshi imeweka mapokezi skrini yenye mhudumu wa kidijitali mwenye sura ya mwanamke, anayewaeleza wageni kuhusu vyumba, malipo na njia za kupanda Mlima Kilimanjaro. Taarifa zake ni sahihi: vibanda vya njia ya Marangu alivitaja kwa mpangilio wake, yaani Mandara, Horombo na Kibo.

Kasoro kubwa iko katika mazungumzo yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10, ulionyesha kwamba watu hupokezana zamu ya kuzungumza kwa pengo la takriban sekunde 0.2, ilhali mhudumu huyu hukaa kimya hadi mgeni anarudia swali, ndipo sauti zao zinapogongana. Mzee aliyenitangulia, ambaye kwa umri wake alistahili shikamoo, alianza kuuliza habari za asubuhi akakatizwa kwa kudaiwa namba ya chumba. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu salamu kwetu ndiyo mlango wa mazungumzo.

Mwaka 1970 Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza kwamba umbo linalokaribia mno kufanana na mtu, lakini lisimfikie, huleta wasiwasi. Ngozi ya mhudumu huyu imechorwa kwa ustadi, lakini macho hayamfuati msemaji. Ningependelea mchoro wa kawaida unaoitikia "ehee" mgeni anapoeleza haja yake.

Kwa bei za vyumba, mtumieni. Kwa mipango ya kupanda mlima, zungumzeni na wafanyakazi wa kaunta, ambao ni wasikivu sana.