Mchawi wangu mweupe alikosa mara tatu: uzoefu wangu na The Battle for Wesnoth

Nilikuwa nimeapa kutoipendekeza tena The Battle for Wesnoth kwa mtu yeyote. Watu huniuliza gemu gani nzuri za kompyuta zinapatikana bure, zile zinazotengenezwa na watu kwa mapenzi yao baada ya saa za kazi, na kwa muda mrefu hii ndiyo niliyoitaja kabla ya zote. Siku za karibuni nimeacha. Naandika hasira ikiwa bado haijapoa, kwa hiyo mkiona nimegeuka katikati ya njia, mnivumilie.

Kwa asiyeijua: ni vita ya zamu kwa zamu kwenye ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembesita. Unasogeza askari wako, mpinzani anasogeza wake. Pigo kumpata mtu kunategemea hasa ardhi aliyosimama anayepigwa. Mbilikimo akiwa mlimani, mapigo saba kati ya kumi yanampita pembeni. Wachawi wana upendeleo wao: adui ajifiche msituni, ajifungie ngomeni, pigo la mchawi linabaki na asilimia 70 ya kumpata. Ndiyo maana unawalea. Mchawi anaanza dhaifu, akigongwa kidogo tu anakufa, lakini ukimkinga akapata uzoefu anapanda levo, na unaweza kumfanya mchawi mweupe, anayewatibu wenzake waliosimama karibu naye na kuwapiga wafu kwa nuru.

Basi nilikuwa nacheza mtandaoni na mtu nisiyemjua. Yeye alichukua jeshi la wafu, mimi jeshi la wanadamu. Mchawi wangu nilimlea tangu mwanzo wa mechi, nikimweka nyuma ya wenye mikuki na kumtoa tu pale palipokuwa na adui wa kummalizia, hadi akawa mweupe. Kulikuwa kumepambazuka. Saa ina maana kubwa katika gemu hii, maana mchana watu wa upande wangu wanapiga kwa nguvu zaidi kwa robo nzima, na wafu wanapungukiwa kwa kiasi hichohicho. Mbele yake kulikuwa na kiunzi kimoja cha mifupa, askari wa jeshi la wafu, kilichobakiza uhai wa pigo moja tu. Mapigo matatu, kila moja asilimia 70.

La kwanza likakosa. La pili likakosa. La tatu likakosa.

Zamu ya mpinzani ilipofika akaleta watatu, wakamzunguka mchawi wangu, wakamuua. Katika mechi ya mtandaoni hakuna kurudi nyuma. Kwenye kampeni ya peke yako ungeweza kufungua faili la zamu iliyopita. Hapa kilichotokea kimetokea. Nikaandika kwamba bahati imeninyima kabisa. Mwenzangu akajibu kwamba asiyejua hesabu asiguse gemu hii, arudi kwenye za watoto. Hakuongeza neno hadi mechi ilipoisha, na ilipoisha akatoka bila hata kuaga.

Hesabu naijua. Kukosa mara moja ni asilimia 30. Kukosa mara tatu mfululizo ni 0.3 mara 0.3 mara 0.3, yaani mashambulizi 27 kati ya 1,000. Kabla hujapiga, gemu yenyewe inakuonyesha uwezekano wa kila tokeo ukitaka kuuona, na mimi niliuona. Anayelalamika kwamba jambo la mara 27 katika 1,000 limemwangukia yeye, tena saa mbaya kuliko zote, hajashindwa hesabu. Ameumia. Kuna tofauti, na mtu mzima anaijua. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba gemu hii ilianzishwa mwaka 2003 na David White, ikajengwa na watu wa kujitolea wa kila namna, waandishi wa hadithi, wachoraji, watunzi wa muziki, chini ya leseni huria ili kila mtu aingie. Halafu anakuja mtu mmoja anasimama mlangoni kama askari wa geti.

Usiku huohuo niliifuta kwenye kompyuta.

Nikageukia nyingine, na hizi nazipendekeza kwa moyo wote. Cave Story, ya mwaka 2004, ni kazi ya Mjapani Daisuke Amaya, aliyeifanya peke yake kwa takriban miaka mitano, hadithi, picha na muziki. Tafuteni ile ya asili, ambayo ni ya bure. Iliyotoka baadaye kwa jina la Cave Story+ inauzwa. Humo ukikosa shabaha ni mkono wako, basi. Spelunky ya mwanzo ya Derek Yu, ya mwaka 2008, ni katili sana, na mapango yake yanapangwa upya kila unapoanza, lakini mtego wa mshale unauona kwa macho kabla haujakuchoma. OpenTTD ni ya kusimamia usafiri wa mabasi, treni na meli, inafaa mtu anayetaka kutulia, ingawa taa za reli zitakusumbua mpaka uzielewe. Dwarf Fortress ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, siwezi kuieleza kwa aya moja. Nitasema tu kwamba toleo lake la kawaida bado ni la bure hata baada ya lile la kulipia kutoka mwaka 2022.

Nilizicheza zote hizo kwa siku kadhaa, na zote ni nzuri kweli. Lakini katika Spelunky nikifa naanza upya bila kumkumbuka yeyote. Hakuna mtu niliyemlea. Yule mchawi niliendelea kumfikiria, na hapo ndipo nikairudisha Wesnoth na kuyafungua marudio ya ile mechi, maana inahifadhi mechi ili uweze kuitazama tena hatua kwa hatua.

Kuna dirisha la takwimu humo ambalo wengi hawalifungui. Linakuonyesha madhara uliyosababisha na madhara yaliyotarajiwa kwa hesabu ya uwezekano, kisha yale uliyopata wewe. Nikaliangalia. Kwa mechi nzima, jumla yangu ilikuwa karibu sawa na iliyotarajiwa. Wenye mikuki wangu walikuwa wamepata pale ambapo wangeweza kukosa, na sikuwa nimelalamika. Hilo halinifanyi nimsamehe yule jamaa, wala halilainishi yale mapigo matatu, kwa sababu wastani haumfufui mchawi. Lakini linaniambia kwamba gemu haikunionea. Ilinipa hesabu yake yote wazi, kabla na baada, kitu ambacho gemu nyingi za kununua hazifanyi.

Kwa hiyo nalitengua neno langu. Ipakueni, kutoka kwenye ukurasa wa mradi wenyewe. Anzeni na kampeni ya The South Guard, imetungwa kwa ajili ya wageni, na msiingie kwenye mechi za mtandaoni mpaka muwe mmezoea jinsi mchana na usiku vinavyobadilisha nguvu za kila jeshi. Mkishaingia, chezeni na watu mnaofahamiana nao. Na mchawi msimlee mmoja. Leeni wawili, na wa pili abaki hatua chache nyuma, penye ngome, hata kama mnaona zamu hiyo angefaa mbele.