Anjiostatini au endostatini?

Zote mbili ni vipande vya protini kubwa zaidi, zote huzuia uvimbe wa saratani kuota mishipa mipya ya damu, na zote zilitoka maabara ya mtafiti wa saratani Judah Folkman, Boston, Marekani. Anjiostatini (1994) hutokana na plazminojeni ya damu. Ilichujwa kwenye mkojo wa panya wenye saratani, naam, mkojo! Uvimbe mkuu ulipokatwa, anjiostatini ilitoweka, na vijivimbe vya mapafuni vilivyokuwa vimelala viliota mishipa na kunenepa. Endostatini (1997) ni kipande cha kolajeni aina ya 18. Kisa chake hakinogi hivyo, ila kwa mgonjwa ndiyo iliyotangulia: China iliidhinisha toleo lake lililoboreshwa mwaka 2005, litumike pamoja na kemotherapia kwa saratani ya mapafu. Anjiostatini haijafika huko.