Diski ya nje ya kuzunguka nayo kompyuta kwa kompyuta: ipi ununue Unguja na Pemba

Kama una kompyuta moja na diski yako haitoki mezani, nunua yoyote ya kampuni inayojulikana na huna haja ya kuendelea kusoma. Mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye asubuhi anaichomeka diski kwenye kompyuta ya ofisi, mchana kwenye Mac ya mwenzake, jioni watoto wanaitaka kwenye televisheni, na mwisho wa wiki anapanda boti ya Mkoani nayo ikiwa mkobani. Yaani mpiga video za harusi, mwalimu wa skuli, mwanafunzi anayekwenda na kurudi Tunguu, karani wa jumuiya yenye kompyuta tatu za umri tofauti.

Kwa watu hawa diski ni nadra kufa kwa kujaa. Inaanguka, waya unalegea, chumvi inaingia kwenye tundu, au yenyewe nzima kabisa lakini kompyuta ya tatu inakataa kuisoma. Kwa hiyo ninazipanga kwa uvumilivu kwanza, kusomeka kila mahali pili, na ukubwa mwisho. Najua wauzaji wetu huanza na ukubwa. Waache waanze, wewe uliza mengine.

Ya kwanza: SSD ndogo ya nje, TB 1

SSD haina kitu kinachozunguka ndani. Hadi diski (hard disk) ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi za saizi hii mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila kuigusa. Ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa hukwaruza sahani na data huondoka pale pale. SSD ikianguka kutoka kwenye meza ya duka la kompyuta unaiokota na kuendelea. Fikiria pia boti ikipita nje ya Nungwi wakati wa kusi, na wewe unataka kumaliza kukata video kabla ya kufika. Kwa hadi diski hilo nisingelithubutu.

Zinazostahili pesa yako ni Samsung T7 Shield, Kingston XS1000, Crucial X9 na SanDisk Extreme. Zote nne zinatangazwa kufika MB 1,050 kwa sekunde, lakini kasi utakayoipata inategemea tundu la kompyuta. Ukichomeka kwenye USB 2.0 ya kompyuta kuukuu hupati zaidi ya MB 35 hivi kwa sekunde, hata diski iwe ya bei gani. Kwa sababu hiyo usilipie zile zinazotangazwa kufika MB 2,000. Zinahitaji tundu la aina ambayo kompyuta chache zinayo, na utakazokutana nazo huku karibu zote hazina.

Mimi ningechukua T7 Shield. Ina gamba la mpira na kiwango cha IP65, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushiwa hayaidhuru, ingawa kuizamisha usijaribu. Tena inakuja na nyaya mbili, mmoja wa USB-C na mwengine wa USB ya kawaida, na kwa mtu wa kompyuta nyingi jambo hili ni kubwa kuliko kasi. Pesa ikiwa haifiki, Kingston XS1000 ni ndogo sana, chini ya gramu 30, na inafanya kazi vizuri. Itafutie tu mfuko wenye zipu maana huanguka bila kusikika. Crucial X9 ni nzuri kwa nyaraka na picha, lakini chipu zake ni za aina ya QLC: ukimwaga faili kubwa kwa mkupuo mmoja, kasi hushuka katikati ya safari. Kuhusu SanDisk Extreme, mwaka 2023 Western Digital, waliokuwa wenye jina hilo wakati ule, walitoa sasisho la programu ya ndani kwa baadhi ya diski za Extreme na Extreme Pro zilizokuwa zikikatika zenyewe. Ukiuziwa iliyotumika, hakikisha sasisho hilo limewekwa.

Ila SSD si ya kuzikia kumbukumbu kabatini. Chipu zake hushikilia data kwa chaji ndogo za umeme, na ikikaa miaka bila kuchomekwa, hasa kwenye joto, data inaweza kuanza kupotea.

Ya pili: hadi diski ndogo ya inchi 2.5, TB 2

WD Elements, Seagate Expansion, Toshiba Canvio Basics. Kwa bei ya SSD ya TB 1 mara nyingi unapata moja ya hizi yenye ukubwa maradufu au zaidi. Mimi naiweka ya pili kwa kazi moja maalumu: ndiyo inayobaki nyumbani. SSD unatembea nayo, hadi diski inapokea nakala kila Ijumaa na kurudi kwenye kopo lake. Ukiwa na uwezo wa diski mbili za wastani au moja ya fahari, chukua mbili.

Tofauti ya kasi utaihisi. Harusi yenye GB 100 za video huchukua kama robo saa kuingia kwenye hadi diski kupitia USB 3.0, na dakika nne tano kwenye SSD kwa tundu lile lile. Kwa USB 2.0 zote mbili zitakuweka karibu saa nzima.

Pabaya pa hadi diski hizi ni tundu la waya. Nyingi bado zinatumia ile plagi pana na bapa yenye mkato katikati, na kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku hulegea. Kwenye WD Elements na My Passport nyingi, tundu hilo limelehemewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, kwa hiyo fundi hawezi kuifungua tu akaihamishia kwenye kasha jengine. Waya uchomoe upande wa kompyuta, upande wa diski uache umekaa.

Ya tatu: kasha pamoja na SSD uliyonayo

Ukiongeza ukubwa wa laptopu yako, ile SSD iliyotolewa usimwachie fundi. Inunulie kasha, na una diski ya nje kwa gharama ndogo. Angalia jambo moja kabla hujalipa: SSD nyembamba za M.2 zipo za SATA na za NVMe, zinafanana sana kwa macho, na kasha la moja halisomi nyengine isipokuwa limeandikwa kuwa linapokea zote mbili. Nenda na SSD mkononi, ijaribiwe pale pale.

Ya nne: flashi ya GB 64 au 128

Hii siyo badala ya diski. Hii ni ya steshenari. Kompyuta ya steshenari huchomekwa flashi za mtaa mzima, na virusi vya njia ya mkato vingali vipo: unarudi nyumbani, folda zako zote zimegeuka alama zenye kimshale, ukibofya unaeneza zaidi. Kilichotokea ni kwamba folda zimefichwa, aghalabu hazijafutwa. Usifomati. Safisha kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya diski yako badala ya E, zitaonekana tena. Lakini kwa nini ufike huko? Diski ya kazi isiende steshenari. Nakili PDF unayoitaka kuprinti kwenye flashi, nenda nayo. Iwe na fomati ya FAT32 (fomati ni mpangilio wa kuhifadhia faili, nimeieleza huko chini), kwa kuwa mashine nyingi za kutolea kopi hazisomi kitu chengine.

Hizi usinunue

Diski kubwa ya mezani ya inchi 3.5 inahitaji adapta yake ya umeme. Haina kazi kwa mtu anayetembea.

Na ile "SSD ya TB 16" unayooneshwa mtandaoni au kwenye meza ya barabarani kwa bei ya mlo wa familia ni uwongo mtupu. Samsung ilipotoa T5 EVO ya TB 8 mwaka 2023, bei yake ilikuwa ya laptopu nzuri. Ndani ya zile za bandia mara nyingi mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Utanakili, utaona majina ya faili yote yapo, na siku ya kufungua hakuna kinachofunguka. Kuna watu wamepoteza hivyo picha za wazazi waliokwisha kufariki, na hakuna fundi wa kuzirudisha kwa sababu hazikuwahi kuandikwa.

Dukani

Darajani, Mlandege, Chake Chake, popote pale, sema hivi kwa adabu: "Ami, naomba niijaribu hapa kwenye kompyuta yako kabla sijalipa." Mwenye duka mwaminifu hakatai. Kwenye flashi yako uwe na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inasoma umri wa diski kutoka kwenye diski yenyewe: saa ilizofanya kazi na mara ilizowashwa. Hadi diski iliyofungwa kama mpya lakini ina saa elfu kadhaa imetolewa kwenye mashine nyengine na kuvishwa kasha. Tazama pia mstari wa "Reallocated Sectors Count". Kwa diski mpya thamani yake ghafi lazima iwe sifuri. Linganisha namba ya utambulisho (serial number) kwenye boksi na iliyo mgongoni mwa diski. Ukishafika nyumbani, ikiwa bado tupu, iendeshee H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza diski yote na kusoma tena kilichoandikwa. Kwa TB 1 ya hadi diski ni kazi ya saa kadhaa, basi ianze usiku, kwenye laptopu yenye betri nzima. Risiti iweke.

Windows ikikuonesha GB 931 kwenye diski ya TB 1, hujaibiwa. Kampuni huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Isomeke kote

Hapa ndipo wengi hukwama. Hadi diski nyingi hutoka kiwandani na fomati ya NTFS. Windows inafurahi nayo. Mac inasoma lakini haiandiki. Mwenye Mac atakwambia diski yako mbovu, kumbe ni fomati. FAT32 inasomeka karibu kila mahali, ila haikubali faili moja inayozidi GB 4, na video ya harusi inapita hapo bila shida. Jibu ni exFAT. Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandika, na Linux inaitambua yenyewe tangu toleo 5.4 la mwaka 2019. Ifomati kwenye kompyuta ya Windows siku ya kwanza, ikiwa haina kitu. Televisheni za zamani baadhi zitakataa, na kwa hizo tumia flashi.

exFAT ina udhaifu wake. Haiweki daftari la mabadiliko kama NTFS, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, au ukiichomoa bila kuitoa kwanza kwenye mfumo, orodha ya faili inaweza kuvurugika. Na umeme wetu tunaujua. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme), nakili kisha ufute. Usitumie kukata na kubandika. Pia kwa diski za TB 1 au 2 kila faili, hata la KB 2, hukalia KB 128. Folda ya mahesabu yenye vifaili elfu hamsini ikunje kwanza kuwa faili moja la zip.

Nenosiri la T7 Shield linahitaji programu yake kwenye kila kompyuta, na kompyuta ya ofisi mara nyingi haikuruhusu kuweka programu. Kwa mzunguko, ni nyepesi zaidi kufunga zile nyaraka chache za siri kwa 7-Zip na nenosiri refu, vyengine ukaviacha wazi.

Diski ikilia tik-tik na kutoonekana, usihukumu bado. Matundu ya mbele ya kompyuta za mezani mara nyingi hayatoi umeme wa kutosha kwa hadi diski. Ichomeke nyuma, na ubadilishe waya.

Kwa unyevu na chumvi, hasa nyumba za karibu na pwani na miezi ya masika, weka diski kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usizibe kwa gundi tundu dogo la hewa kwenye mwili wa hadi diski; lina kichujio na lina kazi yake. Ukiona kutu ya kijani kwenye plagi ya waya, tupa waya huo leo, maana utaichafua na diski.

Mwisho, bandika karatasi yenye jina lako na namba ya simu nyuma ya diski, juu yake gundi ya uwazi, na uweke faili la maandishi lenye habari hizo hizo ndani. Diski husahaulika kwenye kompyuta za watu, na aliyeikuta atataka kujua ampigie nani.